Uliza Shangazi: Kura yangu moja itabadilisha nini?

Jamani wasomaji wangu wa kanda ya ziwa, mwezi huu mmeniandama. Nilitegemea meseji za wakwe na wapenzi wasiopokea simu kama kawaida yenu, kumbe ni kura, kura, kura. Yote haya yameanza toleo lililopita nilipomjibu dada mmoja wa Nyakato kwamba kama hakwenda kumchagua mwenyekiti wa mtaa basi asije kunililia mimi kuhusu mtaro unaojaa mvua ikinyesha. Mkachachamaa. Nimechagua barua chache, zingine nimezifupisha maana kuna mtu kaandika utadhani anaandika wosia.

Mwangaluka Shangazi. Mi naendesha boda hapa Buzuruga. Siku ya kura nikikaa foleni asubuhi napoteza vichwa, yani abiria, na hela ya bosi iko pale pale. Jimbo lina watu kibao, sa kura yangu ikiwepo au isiwepo si matokeo yale yale? Nipe mfano mmoja tu ambapo kura moja imeamua kitu, na usiwe wa kufikirika.
*Bodaboda, Buzuruga*

Mwangaluka mwanangu. Mfano upo tena sio wa Ulaya, ni hapa hapa kwetu. Januari 1961 Zanzibar walipiga kura kugombea viti 22 vya baraza. Vyama vilikuwa vitatu, ASP wakapata 10, ZNP 9, ZPPP 3. Kimoja kati ya vile 10 vya ASP kilikuwa Chake Chake kule Pemba, na walikipata kwa tofauti ya kura moja. Moja! Yani angelala mtu mmoja na malaria siku ile wangetoka sare. Halafu wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda ZNP, mmoja akaenda ASP, ikawa 11 kwa 11 na serikali ikashindwa kuundwa, ikabidi warudie uchaguzi mwezi Juni mwaka ule ule, wakaongeza na kiti kimoja ili namba isigawanyike tena nusu kwa nusu. Na uchaguzi wa Juni ukaja na fujo, watu 68 wakafa. Sisemi kura moja ya Chake Chake ndo ilileta vifo, hapana, chuki ilikuwepo siku nyingi. Nasema kile kiti kingeangukia kwa wapinzani wao hesabu ya Januari isingekuwa nusu kwa nusu, na historia ya visiwani ingepita njia nyingine ambayo wewe na mimi hatuijui.

Umeomba mmoja nakupa na wa pili. Mwaka 2003 Somaliland walichagua rais, Dahir Riyale Kahin akatangazwa kamshinda Ahmed Silanyo kwa kura 80. Rais huyo, sio mwenyekiti wa kijiwe! Watu 80 ni vijiwe vyenu viwili vitatu vya boda hapo Buzuruga, siku hiyo kila mmoja akasema "ngoja nipige kichwa kimoja kwanza". Na majirani zetu Kenya mwaka 2013, Uhuru Kenyatta alitakiwa avuke nusu ya kura zote ndo asirudi duru ya pili, akavuka kwa kura kama 8,400 hivi kati ya zaidi ya milioni 12. Ukizigawa hizo kwa vituo vya nchi nzima haifiki hata kura moja kwa kila kituo.

Ila sikudanganyi mwanangu. Mifano hii inatajwa kwa sababu ni adimu. Kura yako peke yake kumweka rais wa nchi yenye wapiga kura mamilioni, hiyo haipo, na anayekuja kwenye jukwaa kukwambia "kura yako wewe ndo itaamua" anakupaka mafuta. Mimi hoja yangu ni tofauti. Wewe haupo peke yako unayewaza hivyo. Mwaka 2010 walioandikishwa nchini walikuwa zaidi ya milioni 20, waliokwenda kupiga ni milioni 8.6. Zaidi ya milioni 11 walibaki nyumbani, na mshindi wa urais alipata milioni 5.2 na kitu. Umeona hapo? Waliolala walikuwa mara mbili ya waliomchagua rais, na nina uhakika wengi wao walijiambia hayo hayo uliyoniandikia, "yangu moja itafanya nini".

Na jambo la mwisho kwako, vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na ukiwa umeshaingia kwenye mstari saa 10 inapogonga unaruhusiwa kupiga. Abiria wa asubuhi wabebe, mchana jua likiwa kali foleni inapungua nenda. Hela ya bosi haijaguswa.

Shangazi mi ni mama wa dagaa Mwaloni Kirumba. Mbunge, rais, wote mimi siwaoni huku. Ninachokiona ni ushuru. Sasa nimpigie nani kura na kwa faida gani?
*Mama Dagaa, Kirumba*

Mama yangu, wewe ndo umeuliza swali lenyewe, na naomba wale wote wa "urais tu ndo wa maana" wasome hapa polepole.

Ushuru wa halmashauri hautoki mbinguni. Unawekwa kwa sheria ndogo, na sheria ndogo zinapitishwa kwenye baraza la madiwani kabla hazijaenda kwa waziri. Bajeti ya choo cha soko, taa, chanja za kuanikia, gari la taka, nayo inapita hapo hapo. Meya pia anachaguliwa na madiwani wenyewe. Kwa hiyo yule diwani ambaye wengi mnampigia kwa kukisia, mnatiki tu chama alafu mnaondoka, ndo mtu anayenyoosha mkono au kukaa kimya siku ushuru wako unapojadiliwa. Nyavu na leseni za uvuvi ni mambo ya wizara, hayo usimbebeshe. Ushuru mbebeshe.

Shuka chini zaidi. Mwenyekiti wa mtaa. Huyu anachaguliwa na watu wa mtaa mmoja tu. Unapotaka barua ya utambulisho ni kwake, unaponunua kiwanja anakuwepo, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) kikundi chenu lazima kitambulike kuanzia mtaani ndo kipande juu. Huku chini ndo kura yako ina uzito. Kwenye urais wewe ni mmoja kati ya mamilioni, kwenye ubunge ni mmoja kati ya maelfu mengi, kwenye mtaa unaweza ukawa mmoja kati ya mia chache waliojitokeza, na mkienda wanawake wa meza yako tu, wale mnaoazimana ndoo na mizani, tayari ninyi ni kundi ambalo mgombea analipigia hesabu. Ajabu yetu ni kwamba penye uzito ndo hatuendi! Watu wanapanda malori kwenda mkutano wa mgombea urais, ukiwaambia kesho mkutano wa mtaa wanasema wana msiba.

Na nikuulize mama, kule mwaloni uongozi wa BMU, kile kikundi chenu cha kusimamia mwalo na uvuvi, mnaupataje? Na viongozi wa soko? Na kama una SACCOS? Hizo zote ni kura, tena siku nyingine watu waliofika wanatosha kwenye turubai moja. Anza huko. Uchaguzi wa mitaa na vijiji ni kila miaka mitano, wa mwisho ulikuwa Novemba 2024, kwa hiyo mwingine tunautegemea 2029. Sikia na hili maana liliwaponza wengi, uchaguzi wa mtaa una orodha yake ya wapiga kura, hautumii daftari la Tume ya Uchaguzi. Kadi ya mpiga kura unayoitunza kwenye mkoba haikuingizi kwenye orodha hiyo, lazima wakiita kujiandikisha mtaani uende tena.

Mi mvuvi Shangazi. Niliandikishwa Kome nyumbani, sasa hivi nipo Ukara na mitumbwi ya tajiri, mwakani sijui nitakuwa wapi. Hii kadi inanisaidia?
*Mvuvi, Ukara*

Kaka, kadi ni nzuri ila mpiga kura wa kawaida anapiga kwenye kituo alichoandikishwa. Kome iko jimbo la Buchosa, Ukara iko jimbo la Ukerewe, huwezi ukaamka Ukara ukaenda shule ya jirani ukadai karatasi. Njia ni mbili. Tume inapofanya uboreshaji wa daftari, kama ule wa 2024 na 2025, unakwenda kuhamisha taarifa zako zije unapoishi. Au unapanga kurudi nyumbani, na hapo wewe unajua kuliko mimi, dagaa ni wa giza, mbalamwezi ikiwaka mnapumzika na wengi mnarudi makwenu kuona familia. Tarehe ya uchaguzi inatangazwa mapema, angalia kalenda ya mwezi ujue itaangukia wapi, umwambie tajiri mapema sio siku hiyo.

Halafu nasikia malalamiko visiwani kwamba viongozi wanakuja na boti wakati wa kampeni alafu basi. Sehemu ya sababu ni hiyo hiyo kaka. Kisiwa kimejaa watu elfu kwa elfu, lakini walioandikishwa pale ni wachache maana wengine wote kadi zao ziko bara au kisiwa kingine, sasa mwanasiasa anapiga hesabu ya daftari, hapigi hesabu ya vichwa. Sio haki, lakini ndo wanavyofikiri.

Kwetu Shangazi chama changu kinashindwa kila mwaka, tunajua kabisa. Kupiga kura ya kushindwa si kutupa kura ziwani?
*Msomaji, Magu*

Hapana, na hii watu wengi hawaijui. Viti maalum vya wanawake bungeni havigawiwi kwa huruma, vinagawiwa kwa vyama kulingana na kura za ubunge walizopata nchi nzima, ilimradi chama kifikishe asilimia 5 ya kura halali. Kwa hiyo kura yako ya Magu ambayo mgombea wako kaangukia pua inakwenda kwenye kapu la taifa kuhesabiwa kwenye viti maalum. 2015 viti vile vilikuwa zaidi ya 100, na CHADEMA na CUF kwa pamoja walichukua zaidi ya 40, zikiwa zimehesabiwa na kura za majimbo ambayo walishindwa. Na ruzuku ya vyama nayo inaangalia viti na kura.

Na "kila mwaka" si milele. Nyamagana 2010 nani alidhani Lawrence Masha, waziri wa mambo ya ndani akiwa madarakani, angeangushwa na Ezekiel Wenje? Akaangushwa, na Ilemela nayo ikaenda upinzani mwaka huo huo, na Ukerewe. 2015 Nyamagana na Ilemela zikarudi CCM, Ukerewe ikabaki. Mwanza hii haijawahi kuwa shamba la mtu.

Shangazi tuache utani. Baada ya Oktoba 2025 bado una ujasiri wa kutuambia kura ina maana? Nani alikuwa kwenye karatasi? Mi naona ninyi wa magazeti mnatufanya watoto.
*Kijana, Mabatini*

Umeandika kwa hasira na nimeiacha hasira yako kama ilivyo, nimetoa matusi mawili tu.

Kura inafanya kazi pale tu penye mtu wa kumchagua, na penye kuhesabu kunakoonekana. Kimoja kikikosekana, hata mkienda wote mstari ukafika ziwani, inabaki kuwa foleni tu. 2019 kwenye serikali za mitaa wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa kasoro za fomu, vyama vikajitoa, CCM ikachukua karibu mitaa na vijiji vyote. 2025 chama kikuu cha upinzani CHADEMA hakikuwemo kabisa, mgombea urais wa ACT-Wazalendo naye akaondolewa, na mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98, na tukazika watu. Kwenye matokeo ya namna hiyo kura ya mtu mmoja haina uzito wowote na sitasimama hapa kukuimbia wimbo wa "haki yako ya msingi". Ukisema ulibaki nyumbani siku ile sikusemi. Na aliyekwenda kupiga pia simsemi.

Ninachobishana na wewe ni kile ulichoandika mwisho wa barua, sijakichapa, kwamba basi tangu sasa hupigi chochote mpaka kufa. Hapo mwanangu umewapa bure. Kilichoharibika kinarekebishwa kabla ya siku ya kura, sio siku yenyewe. Nani anajaza fomu ya kugombea na nani anamsaidia kuijaza bila kasoro, nani anakuwa wakala akakaa kituoni mpaka hesabu inaisha na kuondoka na nakala ya matokeo mkononi, nani anasimama pale yakibandikwa nje ya kituo akapiga picha. Hizo kazi zinataka watu wale wale wenye hasira kama wewe. Hata lile la mgombea mmoja kupita bila kupingwa, lilipigiwa kelele miaka, sheria ya 2024 ikaweka kwamba mgombea akiwa peke yake anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Ni kidogo, najua. Lakini "hapana" ni kura, na kwenye kata yenye mgombea mmoja mkijaa wenye hapana inakuwa habari.

Na chaguzi ndogo usizipuuze, diwani akifariki au akihama chama, kata moja inapiga kura yenyewe, watu wanakwenda wachache mno. Hapo ndo kura ya mtu mmoja inakaribia kile alichokiuliza bodaboda wetu.

Mgombea alinipa elfu kumi na kanga. Nimekula dhambi?
*Dada, Igoma*

Dhambi muulize padri au shekhe wako. Sheria nakwambia, ile takrima, yani zawadi za wagombea kwa wapiga kura, iliyokuwa imehalalishwa, Mahakama Kuu iliifuta 2006, kwa hiyo hiyo ni rushwa, kwako na kwake. Na hesabu nakupigia: elfu kumi kwa miaka mitano ni shilingi tano na senti kila siku. Sasa hivi dada utanunua nini kwa shilingi tano? Umeuzwa bei ya chini kuliko samaki furu. Ila ukiwa ndani ya kile kituturi, kibanda cha kupigia kura, hakuna anayekuona, kanga vaa, kura mpe unayemtaka. Kadi yako na namba yake tu ndo usimpe mtu.

Na wewe wa Sengerema uliyesema unaandikaga matusi kwenye karatasi "ili ujumbe ufike": haufiki. Karatasi ya namna hiyo inawekwa kwenye fungu la zilizoharibika, haisomwi kwa sauti redioni. 2015 kura za urais zilizoharibika zilikuwa zaidi ya 400,000, na za kwako za matusi zimechanganywa humo na za bibi aliyetiki sehemu mbili kwa kutetemeka mkono, hakuna anayejua ipi ni ya hasira na ipi ni ya uzee. Weka vema moja, kwenye kisanduku kimoja, basi.

Shikamoo Shangazi. Mume wangu ananiambia nimpigie mtu wake, eti nyumba moja kura moja. Nikikataa ni ugomvi. Na nina mtoto mchanga, foleni siiwezi.
*Mama Mchanga, Nyegezi*

Marahaba mwanangu. Nyumba moja kura moja hiyo sheria ameitoa wapi? Ninyi ni wapiga kura wawili, mna karatasi mbili, na kwenye kituturi mnaingia mmoja mmoja, yeye hana ruhusa ya kuchungulia wala kukushikia kalamu. Foleni usiogope, wenye watoto wachanga, wajawazito, wazee, wagonjwa na wenye ulemavu wanapitishwa mbele, mbebe mtoto wako mgongoni na useme kwa msimamizi mapema usisubiri wakuone.

Ukirudi nyumbani akikuuliza umempa nani, mwambie nimempa yule yule wako baba nanii. Alafu weka chai.